Gor Mahia 2018 hadi 2020: kikosi kilitawanyikia kwenye mikataba

Tarehe 10 Juni 2018, uwanjani Afraha mjini Nakuru, Gor Mahia ya Nairobi, klabu yetu tunayoiita Kogalo, waliilaza Simba ya Dar es Salaam 2-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup. Meddie Kagere alifunga la kwanza, Jacques Tuyisenge la pili. Zawadi ya ushindi ilikuwa safari ya Uingereza, uwanja wa Goodison Park, kucheza na Everton. Safari ilipofika, Novemba mwaka huohuo, Kagere hakuwa nasi. Alikuwa ameshahamia Simba, klabu ileile tuliyoifunga Nakuru. Beki wetu wa kushoto, Mganda Godfrey Walusimbi, naye alikuwa Kaizer Chiefs kule Afrika Kusini. Everton wakatuchapa 4-0.

Mwaka uliofuata Tuyisenge akaenda Petro de Luanda ya Angola, na Francis Kahata akamfuata Kagere Simba. Mwaka 2020 beki wa kati Joash Onyango akaelekea hukohuko Msimbazi, yaani Simba. Mwaka 2021 nahodha Kenneth Muguna akajiunga na Azam. Wapange hao uwanjani uone: beki wa kati, beki wa kushoto, viungo wawili, washambuliaji wawili. Huo ni uti wa mgongo wa timu, na uliondoka wote ndani ya miaka mitatu.

Ukikaa na mashabiki wa Kogalo pale Kenyatta Market nyama ikiwa motoni, au ukipanda matatu ya Jogoo Road siku ya mechi, maelezo utakayopewa ni mamoja: Simba walitupora. Wengine watalaumu mawakala, wengine watasema wachezaji hawana mapenzi na jezi. Nimeyasikia yote, na nayaheshimu kwa sababu yanatoka kwa watu wanaoipenda klabu hii kufa kupona. Lakini hayaelezi kilichotokea. Gor hawakushindwa sokoni. Walishindwa mapema zaidi, kwenye mafaili ya ofisini, kwa kutojua au kutojali mkataba wa nani unaisha lini na pesa za kuurefusha zitatoka wapi.

Tuanze na kanuni yenyewe, kwa sababu wengi wetu hubishana kuhusu usajili bila kuifahamu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamruhusu mchezaji kuzungumza na kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Haombi ruhusa ya mtu. Mkataba ukiisha anaondoka huru, na klabu yake haipati hata shilingi ya ada ya uhamisho. Kwa hiyo thamani ya mchezaji sokoni ina vipande viwili: kipaji chake na muda uliobaki kwenye karatasi. Mshambuliaji hatari aliyebakiza miezi minne ana thamani kubwa kwake mwenyewe na kwa wakala wake. Kwa klabu hana thamani yoyote, isipokuwa mabao atakayofunga katika hiyo miezi minne. Kahata aliondoka kwa njia hiyo. Kiungo wa Harambee Stars, timu ya taifa, mguu wa kushoto ambao ligi nzima iliuogopa kwenye mipira ya adhabu, mkataba ukafika mwisho naye akachukua begi lake.

Halafu kuna kipengele cha pili, kigumu zaidi kwa vilabu vyetu. Tangu Juni 2018 kanuni hizohizo zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na siku hizo zikipita bila malipo ana haki ya kuuvunja mkataba. Angalia tarehe hiyo. Kanuni ilianza kutumika mwezi uleule tuliokuwa tukishangilia Nakuru. Kuanzia hapo, kila mwezi wa mshahara uliochelewa ukawa unaila mikataba ya kikosi kizima kwa mpigo mmoja, hata ile iliyokuwa na miaka miwili mbele.

Pesa zilitegemea mdhamini mmoja. SportPesa, kampuni ya kamari, walikuwa kila mahali: kifuani mwa Gor, kifuani mwa AFC Leopards, kwenye jina la ligi yenyewe, na kwenye lile kombe la Nakuru. Julai 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari kutokana na mvutano wa kodi, SportPesa wakiwemo. Agosti wakatangaza kusitisha udhamini wote wa michezo nchini. Msimu mpya ulikuwa mlangoni. Gor walikuwa mabingwa watetezi, wanajiandaa kwa Ligi ya Mabingwa Afrika, na ghafla hawakuwa na chanzo cha mishahara. Mishahara ikaanza kulimbikizwa, wachezaji wakasusia mazoezi kwa vipindi, na mashabiki tukaanza kuchangishana kwa M-Pesa ili timu iweze kusafiri.

Sitaki kumlaumu mdhamini hapa. Kampuni ya biashara ina haki ya kuondoka. Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo, ni kwamba bajeti nzima ya wachezaji ilijengwa kana kwamba hiyo siku haitafika. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1968, yenye mashabiki wanaojaza barabara kutoka sanamu ya Tom Mboya hadi Nyayo, haikuwa na akiba ya kulipa kikosi hata kwa nusu msimu.

Kuna hoja moja nzito inayonipinga, nami siwezi kuipita. Watu watasema: mbona tuliendelea kushinda? Ni kweli. Kagere aliondoka 2018 na bado tukachukua ligi ya msimu wa 2018/19, taji la 18. Tuyisenge na Kahata wakaondoka 2019, na Aprili 2020, ligi iliposimama kwa ajili ya corona, shirikisho likatutangaza mabingwa tena. Taji la 19. Kama kikosi kilibomoka, hayo mataji yalitoka wapi?

Jibu liko nje ya mipaka ya Kenya. Ligi yetu wakati huo ilikuwa na timu chache zenye uwezo wa kutusumbua mzunguko mzima, na nyingine zilikuwa na matatizo ya pesa kuliko sisi. Ukiwa na kikosi kilichopungua robo bado unaweza kumfunga anayeshinda njaa. Afrika haikuachii nafasi hiyo. Kipimo changu ni mechi mbili.

Ya kwanza ni tarehe 3 Februari 2019, Kasarani, Kombe la Mashirikisho, la pili kwa hadhi barani Afrika baada ya Ligi ya Mabingwa. Zamalek wa Misri walikuja Nairobi, nasi tukawafunga 4-2. Aliyekuwepo anakumbuka jinsi Tuyisenge alivyokuwa akiwaburuta mabeki wa Zamalek kutoka katikati hadi pembeni. Alikuwa akipokea mpira mgongo ukiwa golini, anamgusa beki kwa bega kujua yuko upande gani, kisha anageukia upande wa pili. Nafasi alizoacha nyuma yake ndizo wenzake walizoingia. Straika wa namna hiyo hapatikani kwa wiki mbili. Zamalek hao tuliowafunga ndio waliolinyakua kombe lenyewe Mei mwaka huo, wakiwashinda RS Berkane wa Morocco kwa penalti. Na Berkane ndio waliotutoa sisi robo fainali. Maana yake msimu ule tulicheza na timu zote mbili za fainali, na mmoja wao tulimfunga mabao manne.

Siku tisa baada ya mechi ya Zamalek, jijini Dar es Salaam, Kagere aliifungia Simba bao pekee la ushindi dhidi ya Al Ahly. Msimu huo Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, naye Kagere akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 23. Msimu uliofuata akafunga 22 na kuchukua tena kiatu hicho. Jiulize Gor ya Zamalek ingekuwaje na Kagere na Tuyisenge mbele kwa pamoja, kama walivyokuwa Nakuru.

Mechi ya pili ni Desemba 2020, Algiers. CR Belouizdad 6, Gor Mahia 0. Kati ya ushindi wa Kasarani na kipigo cha Algiers haikupita hata miaka miwili. Katikati yake, vuli ya 2019, USM Alger walikuwa wametutoa Ligi ya Mabingwa, tukaangukia Kombe la Mashirikisho, na DC Motema Pembe wa Kinshasa wakatutoa huko pia kabla ya makundi. Taji la nyumbani lilikuwa linafunika haya yote. Tulikuwa tukiimba Kasarani huku timu inapungua mbele ya macho yetu.

Mgala muue na haki yake mpe. Simba walifanya kazi yao. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kununua asilimia 49 ya hisa za klabu hiyo kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, na kiangazi kilichofuata wakaingia sokoni wakijua wanachotaka: washambuliaji na viungo walioshaonekana wakicheza chini ya presha katika ukanda huu. Walituona Nakuru kwa macho yao, tena kutoka upande wa waliofungwa. Hawakuhitaji skauti wa kuruka Ulaya. Mtu akikufunga fainalini kisha ukamchukua, umejiimarisha na kumdhoofisha yeye kwa malipo ya mara moja. Nikiwa mimi ndiye ninayeongoza usajili wa Simba, ningefanya vilevile.

Sasa tuje kwenye kujenga upya, kwa sababu hapo ndipo kosa la pili lilipofanyika, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Kupoteza mchezaji kwa klabu kubwa kipesa ni jambo la kawaida. Ajax ya Uholanzi imeishi hivyo miaka na miaka. Swali ni unaziba vipi. Gor walijibu kwa kusajili haraka, wachezaji waliokamilika kutoka nje, mara nyingi dirisha likikaribia kufungwa. Mfano mmoja unatosha. Gislein Yikpe wa Ivory Coast alifika Agosti 2019 kuja kuziba pengo la Tuyisenge. Kufikia Januari 2020 alikuwa Yanga. Simlaumu kijana huyo. Asiyelipwa ana haki ya kutafuta riziki. Lakini fikiria gharama: safari, nyumba, kibali cha kazi, wiki za kumzoesha mfumo wa kocha Steven Polack, kisha baada ya miezi michache unarudi ulipoanzia, na Kagere wa pili bado hajapatikana.

Mchezaji wa kigeni aliyekamilika ndiye mgumu kumbakiza klabu inapoyumba. Hana familia hapa, hana shughuli nyingine mjini, kodi ya nyumba inamsubiri, na wakala wake ana namba za simu za nchi sita. Zaidi ya hayo anajua njia ya FIFA. Madeni ya wachezaji na makocha wa nje ndiyo yaliyotupeleka mpaka mwaka 2022 tukafungiwa usajili, na mwaka 2023, tukiwa mabingwa wa Kenya kwa mara ya 20, tukakosa leseni ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Yaani kikosi kilishinda haki ya kwenda, na deni la vikosi vilivyopita likaizuia. Sijui shabiki gani wa Kogalo hakuumia siku hiyo.

Kijana wa hapa ni habari nyingine, na ushahidi tunao mikononi. Benson Omala alikuja kutoka shule ya upili Kisumu, akapelekwa Western Stima kwa mkopo, akarudi akiwa ameiva. Msimu wa 2023/24 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19, nasi tukachukua taji la 21. Hakuna aliyekodi ndege kumleta. Kilichohitajika ni subira ya kumwacha acheze kila wiki mahali pengine kabla ya kumvalisha jezi ya kijani, na mkataba mrefu wa kutosha ili subira hiyo imlipe aliyesubiri. Mkopo bila mkataba mrefu ni kumlelea jirani mwanawe.

Mwingine ni Michael Olunga. Alikaa kwetu msimu mmoja tu, ule wa 2015 tuliomaliza bila kufungwa ligini, kisha akaenda Djurgården ya Sweden. Kutoka hapo akapita China, Girona ya Uhispania, Kashiwa Reysol ya Japani ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 na kutajwa mchezaji bora wa ligi, kisha Al-Duhail ya Qatar. Wengi wetu tunaisimulia safari hiyo kama fahari tupu. Ina hesabu ndani yake. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu kati ya umri wa 16 na 23 unachukua sehemu moja ya kumi ya fungu hilo. Olunga aliyezaliwa Machi 1994 alikuwa na miaka 21 akiwa Gor. Kwa hiyo kila anapouzwa nje ya nchi kwa ada huku mkataba wake ukiwa hai, msimu wetu mmoja una haki ya nusu asilimia. Kwenye mauzo ya dola milioni 1 hizo ni dola 5,000. Si utajiri, lakini ni mshahara wa mwezi wa wachezaji kadhaa wa ligi yetu, na vilabu vilivyomlea kabla yetu vina haki ya fungu lao pia. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu jijini Paris cha kugawa malipo haya, na kinategemea rekodi za usajili za kila mchezaji zilizowekwa vizuri na shirikisho la nchi yake. Klabu isiyo na kumbukumbu safi za nani alicheza kwake, kuanzia lini hadi lini, inaziacha pesa hizo mezani.

Hapa nitawaambia mashabiki wenzangu jambo lisilopendwa. Sisi pia tuna sehemu yetu. Kila mara jina la mchezaji wetu lilipotajwa na klabu ya nje, tulipiga kelele asiuzwe. Kiongozi anayetegemea kura zetu husikia, huogopa, na humshikilia mchezaji mpaka mkataba unaisha. Kisha mchezaji anaondoka bure na sisi tunamtukana kiongozi yuleyule. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi ningeridhika mchezaji bora wa Gor auzwe akiwa amebakiza mwaka mmoja na nusu, bei ikiwa nzuri na mbadala wake akiwa tayari ameshacheza mechi kumi kikosini, kuliko kumshangilia hadi siku ya mwisho kisha tukabaki na picha.

Na mbadala lazima awepo kabla. Hilo ndilo walilokosa mwaka 2019. Petro wa Luanda hawakumchukua Tuyisenge usiku. Dalili kwamba ataondoka zilikuwepo tangu Kasarani, maana mshambuliaji akicheza vile mbele ya Zamalek, Afrika nzima inamwona. Kuanzia Februari mpaka kiangazi kulikuwa na miezi ya kutosha ya kumtafuta kijana Kakamega, Mombasa au Kisumu, kumleta mazoezini, kumweka karibu na Tuyisenge ajifunze ule mgeuko wa bega. Badala yake pengo lilijulikana Agosti, mdhamini naye akiondoka Agosti.

Ninachokitaka kinaweza kufanyika mkutano mkuu ujao, na hakihitaji bilionea. Wanachama wasomewe orodha ya wachezaji wote wa kikosi cha kwanza, na mbele ya kila jina mwezi na mwaka mkataba wake unapoisha. Mishahara hatuhitaji kutajiwa, hiyo ni siri ya mtu. Kuhusu anayeingia mwaka wa mwisho, ofisi ieleze: amepewa ofa ya kuongeza, au amewekwa sokoni. Na kila anayefika miezi sita bila moja ya hayo mawili, ofisi itaje ni nani aliyekuwa na faili lake. Orodha hiyo ingesomwa mapema mwaka 2018, jina la Kahata lingekuwa karibu na juu, na bado kungekuwa na muda wa kumkalisha mezani.